Geti Lisilokuwepo la Kilimani

Nchi hii nzima hakuna anayesimulia akanifikia. Waliokuwa wakinishinda wamekwisha kufa, na aliyebaki hana meno, akisimulia husikii kitu. Mimi mwenyewe yamebaki yale ya kutafunia uji, lakini kuandika hakuhitaji meno. Shule nilifika darasa la nne. La tano nililipita kwa nje nikienda kuchota maji, nikawasikia wanaimba hesabu ya mara saba, ndiyo maana mpaka leo mara saba naijua na nyingine zote nabahatisha.

Jina la nchi silitaji. Nchi yetu ukiitaja huitika, kisha hutuma watu kuja kuuliza uliitia nini.

Basi palikuwa na kilima, na chini ya kilima palikuwa na bonde. Juu, Kilimani, walikaa Weupe, waliokuja zamani na mizigo yao wakasahau kuondoka. Chini, Bondeni, tulikaa sisi Weusi, ambao hatukutoka popote, kwa hiyo mizigo hatukuwa nayo. Katikati ya mteremko waliwekwa watu wa maji ya kunde, wakaambiwa wasubiri. Hospitali, shule ya maana, bucha na upepo, vyote vilikuwa Kilimani.

Sheria ya enzi hizo ilisema mtu Mweusi akiingia barabara ya Kilimani avue viatu avishike mkononi. Sababu ilielezwa vizuri tu, kwa upole: lami tayari ilikuwa nyeusi ya kutosha.

Siku moja fundi viatu wa Bondeni, jina lake Marijani, akasema, "Kesho tunapanda na viatu." Tukashangilia mpaka tukapaliwa. Ndipo mtu akauliza viatu viko wapi, tukatazamana miguu, maana Bondeni nzima miguu ilikuwa mingi na viatu vichache. Marijani akatoa vyote alivyoletewa kushona ambavyo wenyewe hawakuja kuvichukua. Havikutosha. Akagawa kimoja kimoja: jozi moja watu wawili, huyu cha kulia, huyu cha kushoto, wakashikana mikono ili wapate kukamilika. Hao wakaitwa wenza wa kiatu, na kanuni yao ilikuwa fupi: hufiki mpaka mwenzako afike.

Wakapanda. Ko-pwa, ko-pwa, ko-pwa, kiatu na unyayo, kiatu na unyayo. Walipigwa marungu, wakamwagiwa maji ya bomba, wakafunguliwa mbwa. Mbwa wenyewe walisita kidogo, hawakujua waanze na mguu upi. Marijani alikuwa mbele pekupeku, maana vyake mwenyewe alikwisha kuvigawa. Alikwenda mbele, hakurudi Bondeni. Hapo sitii mzaha.

Sheria ya viatu ilikufa mwaka ule ule, serikali ikabadilika, na wajukuu wetu leo wanavaa viatu mpaka kitandani.

Vile vya Marijani mwenyewe, cha kulia alivaa msichana aitwaye Sikudhani na cha kushoto msichana aitwaye Mashavu. Sasa ni vikongwe. Hadithi hii ni ya Bi Sikudhani. Namjua vizuri na wala simpendelei: anapenda sifa kuliko sukari, na akipewa kiti hasimami mpaka kiti kisimame. Watu husema tumefanana. Wamekosea, mimi mzuri zaidi.

*

Nchi yetu haina utovu wa shukrani. Iliwaundia waandamanaji wizara yao kamili, Wizara ya Ukumbusho na Usawa Uliokwisha Patikana. Kazi ya wizara ilikuwa kuutunza usawa usiguswe na mtu.

Wizara ikasimamisha sanamu. Ilitakiwa iwekwe Kilimani, lakini wakazi wa kule wakalalamika kwamba viatu vya sanamu vitawapigia kelele, ikawekwa chini, karibu na kwetu. Kabla ya kuichonga, Kamati ya Historia Safi ilikaa ikaona kiatu kimoja hakina hadhi ya taifa. Kwa hiyo waandamanaji wa shaba wakavishwa mabuti mawili mawili yenye kamba. Vitabu vya shule vikafuata. Mtoto aliyeandika kwenye mtihani "bibi yangu alivaa kimoja" alipata sifuri na ushauri. Watoto wa Bondeni wakajifunza kuwa na ukweli wa nyumbani na ukweli wa mtihani, kama vile watu walivyo na sahani za wageni. Kilimani walikuwa na ule wa mtihani tu, na walifaulu sana.

Kila mwaka ilifika Siku ya Viatu. Kwa kuwaenzi watu waliotembea, siku hiyo ilikuwa marufuku kutembea. Watu walikaa. Aliyetaka kutembea na wenzake alihitaji kibali, na kibali kilitolewa ofisi ya Kilimani. Tulikaa kwenye viti, tukasimama kidogo kukumbuka kutembea, tukakaa tena. Waandamanaji tulifunguliwa miavuli, tukapewa soda ya moto, wala hatukupewa kipaza sauti, tusije tukachoka.

Jambo la ajabu ni kwamba waandamanaji walikuwa wakifa kila mwaka na kila mwaka wakiongezeka. Aliyeongezeka haraka kuliko wote alikuwa Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Zumo Katanda. Mwaka wake wa kwanza wa uwaziri alisema siku ya maandamano alikuwa tumboni mwa mama yake, akasikia kwa mbali. Tukapiga makofi. Mwaka wa pili alikuwa mgongoni. Mwaka wa tatu alikuwa akitembea mwenyewe, ameshika kidole cha mtu. Bi Mashavu akasema, "Huyu mtoto anakua vizuri, tumwangalie tu, mwakani atatuoa."

Ukweli wa nyumbani ni kwamba mama yake Zumo aliyaona maandamano akiwa barazani kwa tajiri wake Kilimani, na aliingia ndani kwa sababu ya vumbi.

Sasa geti. Wakazi wa Kilimani, Weupe waliobaki pamoja na wale waliofanana nao kwa bidii, walijenga geti la chuma kwenye barabara, wakaliita Mradi wa Kutunza Upepo. Mlinzi alipewa kadi ya rangi, ile wanayokuonyesha dukani ukienda kununua rangi ya ukuta. Unafika, mlinzi anaiweka kando ya shavu lako. Kama umeangukia Krimu ya Asubuhi, Mkate wa Moto au Asali, unapita. Ukivuka Kahawa ya Maziwa kwenda chini, unapita njia ya bondeni, inayozunguka kilima chote kwenye matope na mashamba ya magimbi mpaka nyuma ya hospitali. Si ubaguzi. Ni kupunguza msongamano.

Na Mheshimiwa alikuwa amekwisha kutangaza redioni kwamba ubaguzi wa rangi umekwisha nchini, na kwa hiyo geti halipo. Kudai lipo kulikuwa kuwatukana waandamanaji. Aliyeliona alipelekewa miwani na wizara, bure. Ndiyo huduma pekee ya macho tuliyowahi kupata Bondeni, na hatulalamiki.

*

"Hodi hapa!"

"Karibu. Kama unauza sinunui, kama unadai mwenyewe hayupo."

"Shikamoo, bibi. Naitwa Ndugu Fikirini, Afisa Heshima, Daraja la Pili."

"Marahaba. Wa Daraja la Kwanza yuko wapi?"

"Yuko Kilimani, bibi. Daraja la Kwanza hawashuki."

Bi Sikudhani alikuwa anachambua mchele barazani pamoja na mjukuu wake Asumini, ambaye mimba yake ilikuwa imefika pale ambapo mtu akikaa anahitaji mkutano ili asimame. Ndugu Fikirini alifuta kiti kwa leso, akakaa nusu, akasoma kwa sauti ya msikitini kwamba Wizara imemteua Bi Sikudhani kupokea Nishani ya Kisigino cha Dhahabu.

Bi Sikudhani alitaka kusema "Sistahili, baba," kama alivyowasikia watu wa heshima wakisema. Mdomoni yakamtoka: "Mlichelewa wapi?"

"Utapewa nishani, mwavuli, na kiti chenye mto. Na mwaka huu, bibi, kwa mara ya kwanza mwandamanaji atapewa kipaza sauti."

"Mimi?"

"Wewe. Utasema, 'Kazi imekwisha. Ahsanteni sana.' Basi. Ukiongeza, iwe ni ahsante."

Asumini aliacha mchele. "Kazi gani iliyokwisha?"

"Waliyoianza wazee wetu."

"Na geti?"

"Geti gani, dada?"

"Lile pale," akasema Asumini akinyoosha kidole, maana kutoka barazani lilionekana, limepakwa rangi upya.

Ndugu Fikirini alifungua mkoba kwa huzuni, kama daktari anayeijua dawa. Akatoa miwani, akamvisha Bi Sikudhani kwa mikono yake mwenyewe. Dunia yote ikawa uji.

"Unaliona geti, bibi?"

"Hata wewe sikuoni."

"Basi inafanya kazi."

Alipoondoka Asumini alisema polepole, "Bibi, utamwambia Waziri kuhusu geti? Mimi sitaki kuzaa kwenye magimbi."

Hakuwa anatia chumvi. Jirani yetu Mwajabu alishikwa na uchungu akapelekwa kwa njia ya bondeni, akajifungulia matopeni, majani ya magimbi yakawa shuka. Mtoto akaitwa Gimbi. Mzuri, mwenye afya, ila mama yake tangu siku ile hajawa sawa.

"Nitazungumza naye," akasema Bi Sikudhani, "faraghani. Mkubwa kwa mkubwa."

Akajifunga kanga akaenda kwa Bi Mashavu, si kwa shauri bali kwa majivuno, nami siwezi kumficha. Bi Mashavu alimsikiliza mpaka mwisho huku akijikuna mgongo kwa mwiko.

"Kisigino cha dhahabu! Si ndicho hiki kilichopasuka mpaka kuku anataga ndani?"

"Wivu huo, mwenzangu."

"Wivu wa nini, na mto wa kukalia watakupa wewe? Sikudhani, tulitembea asubuhi moja, tukakaa maisha yote. Na mimi nimekaa, sijitoi. Nimekunywa soda yao mwaka hadi mwaka. Lakini mimi nimekaa kwenye mbao. Wewe unawekewa mto ili ukae vizuri zaidi."

Bi Sikudhani akasema ana ndoo inamngoja. Hakuwa na ndoo.

*

Siku ya kliniki ya Asumini, bibi yake alisema wapite getini. Alikuwa na hakika kwamba sasa yeye ni mtu mwingine.

Mlinzi alikuwa Chande, kijana wa Bondeni, mweusi kuliko mstari wa mwisho wa kadi yake. Kila asubuhi alizunguka njia ya magimbi, akatokea nyuma ya geti, akanawa miguu, akasimama kulilinda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Chande. Mama hajambo?"

"Hajambo, anakusalimu. Shavu, bibi."

"Chande, unanijua mimi ni nani?"

"Bi Sikudhani, uliyenichapa nilipoiba papai lako."

"Mimi ndiye Kisigino cha Dhahabu."

"Hongera sana, bibi. Mungu akuzidishie. Kadi haina kisigino, ina shavu tu." Akaiweka, akaitazama upande huu na huu, akaona aibu. "Bibi, mbona hata kwenye kadi hayupo mtu kama wewe? Pita bondeni."

Wakati huo huo akaja mbwa wa Kilimani, mweusi tii kama chungu, amevaa mkanda wenye kengele. Chande akamfungulia na kumpigia saluti.

"Na huyo?" akauliza Asumini.

"Huyo mkazi," akasema Chande.

Wakapita bondeni. Mvua ilikuwa imenyesha. Katikati ya magimbi Asumini aliteleza akakaa chini kwa kishindo, na tope likaimeza ndala yake ya kulia, wakapapasa wasiipate. Bi Sikudhani alikuwa kavaa ile miwani kwa heshima ya wizara, akawa anapapasa gimbi. Asumini akacheka. Kisha akashika tumbo, akaacha kucheka, akatulia akisikiliza kama kuna kitu kimekatika. Hakikukatika. Lakini rangi ya midomo yake ilikuwa imekwenda.

"Bibi," akasema pale chini, "hivi kweli nyinyi mlipanda? Au mto mlipewa siku ile ile?"

Bi Sikudhani ana jibu kwa kila mtu. Nimemsikia akijibu wachungaji, mashehe na redio. Siku hiyo alivua miwani, akaifuta, akamshika Asumini kwapani amwinue.

Waliporudi hakuingia hata ndani. Alisimama mlangoni kwa Bi Mashavu.

"Kile cha kushoto cha Marijani unacho bado? Cha kulia ninacho."

"Ninacho. Natilia bizari. Unakitaka cha nini, wakuzike nacho?"

"Sikitaki. Nataka ukivae."

Bi Mashavu alimtazama, akaenda jikoni, akakung'uta bizari.

*

Siku ya Viatu ilipambazuka na jua la kukaangia dagaa. Pembeni ya sanamu palikuwa na mahema mawili: lenye feni kwa waliopita kadi, na la turubai kwa walioandamana. Redio ya Taifa ilikuwa inarusha moja kwa moja. Asumini aliketi nyuma ya bibi yake, mguu mmoja na ndala, mwingine wazi, maana alikataa kununuliwa nyingine. "Ile ya kushoto bado nzima," alisema.

Mheshimiwa Zumo Katanda alishuka kwenye gari lenye vioo vyeusi. Uso wake ulikuwa umepakwa poda mpaka umefika Mkate wa Moto. Akashika kipaza sauti kana kwamba kilitaka kutoroka.

"Ndugu wananchi! Mnaponiona hivi, mnaona mtu. Lakini mimi si mtu tu, mimi ni njia! Wako wanaosema nilikuwa mdogo siku ile. Nilikuwa mdogo kwa umri, si kwa uamuzi! Leo naomba nivunje ukimya: aliyewaongoza Weusi kupanda kilima hiki ni mimi hapa!"

Hema la feni likapiga makofi. Hema la turubai likakohoa.

"Mbele ya Marijani, mbele ya wote! Na ningeambiwa nipande tena leo, leo hii ningepanda! Kwa sababu ya kazi ile, leo nchi hii haina Mweusi wala Mweupe, haina juu wala chini, na haina geti! Nasema haina geti! Anayeliona na anionyeshe!"

Redio ikapeleka maneno hayo nchi nzima, mpaka getini, ambako Chande alikuwa na redio ndogo ya betri.

Kisha Bi Sikudhani akaitwa. Alivishwa nishani, nayo ilikuwa nzito, nzuri, na sitaki kusema uongo, aliipenda. Aliishika akaigeuza aone kama na nyuma inang'aa. Ndugu Fikirini akamsogezea kipaza sauti, midomo yake ikitembea pamoja na ya bibi.

"Kazi imekwisha," akasema Bi Sikudhani.

Ndugu Fikirini akashusha pumzi.

"Ndivyo nilivyoambiwa niseme, na ahsanteni sana. Sasa mimi ni mtu wa darasa la nne, hotuba ndefu sizijui. Ila Mheshimiwa namwamini. Kasema ndiye aliyetuongoza. Mimi nilikuwepo na sikumwona, lakini macho yangu ni mabovu, wizara yenyewe inajua, imenipa miwani." Akaitoa kifuani, akaivaa. "Kasema angepanda tena leo. Kasema tumwonyeshe. Basi Mheshimiwa, tangulia. Sisi watu wako tunafuata, kama siku ile."

Hema la turubai likasimama lote, viti vikalia. Ndugu Fikirini akaruka. "Kibali! Bibi, kutembea kwa pamoja kunahitaji kibali!"

"Kibali cha nini, mwanangu?" akasema Bi Mashavu, ambaye alikuwa amekwisha kuvua malapa na kuvaa buti kuukuu la kushoto linalonukia bizari. "Sisi tukitembea ni maandamano. Mheshimiwa akitembea ni ziara. Ziara ina kibali?"

Fikirini akafikiri, akakuta haina.

Mheshimiwa alitazama gari lake, akatazama kipaza sauti cha redio kilichokuwa chini ya kidevu chake. Akacheka kicheko cha kwenye picha. "Kwa furaha kubwa," akasema.

"Ila kwanza kiatu," akasema Bi Sikudhani.

"Kiatu?"

"Si unakumbuka? Siku ile hakuna aliyepanda na viwili. Jozi moja watu wawili. Au umesahau, wewe uliyekuwa mbele?"

Mheshimiwa aliitazama sanamu. Mabuti mawili mawili, yote na kamba. Katika mtihani alipata alama zote kwa mabuti hayo. Lakini mtu atasemaje mbele ya nchi nzima kwamba amesahau miguu yake mwenyewe?

"Nakumbuka kama jana," akasema, akavua cha kulia. Soksi yake ilikuwa na tundu, na watu wa Bondeni, kwa adabu, waliitazama wote.

Bi Sikudhani akamwinua Asumini. "Mwenza wako wa kiatu huyu hapa. Mguu wake wa kulia uko wazi, ndala yake imebaki kwenye magimbi. Na kanuni yetu unaijua."

"Naijua sana."

"Iseme basi, Mheshimiwa, na vijana waisikie redioni."

Mheshimiwa akaanza kurekebisha tai. Bi Mashavu, kwa huruma, akamnong'oneza kwa sauti iliyosikika mpaka mkoa wa pili: "Hufiki mpaka mwenzako afike."

"Hufiki mpaka mwenzako afike!" akanguruma Mheshimiwa, na hapo makofi aliyopigiwa yalikuwa ya kweli, ya kwanza maishani mwake, yakamwingia kichwani kama mvinyo. Akamshika Asumini mkono, akatangulia.

Ko-pwa. Ko-pwa. Bi Sikudhani na Bi Mashavu nyuma yao, kulia na kushoto, viatu vya Marijani vikigonga lami kwa pamoja. Miavuli ilibaki kwenye mahema. Wazee waliokuwa hawawezi kwenda chooni bila kushikwa walipanda wakishikana. Wale waandamanaji walioongezeka miaka ya karibuni walivua kimoja upesi wakidhani ndiyo itifaki mpya. Bi Sikudhani magoti yalimuuma kila hatua, akajilaani kwa ule mto alioutamani, na akajikuta analia chini ya miwani, jambo ambalo angekana mahakamani.

Mheshimiwa aliona lami ina moto. Alikuwa hajawahi kuigusa. Jasho likaanza kushuka, na poda ikashuka nalo: Mkate wa Moto ukawa Asali, na Asali ikafika kidevuni ikadondoka kwenye tai.

Wakafika.

Chande alikuwa amesimama nyuma ya vyuma, redio kwapani, kadi mkononi.

"Shikamoo, Mheshimiwa. Shikamooni, wazee wangu. Dada Asumini, shavu." Akaiweka kadi. "Bondeni, dada. Nisamehe. Mheshimiwa, shavu."

"Unanijua mimi?" akanong'ona Mheshimiwa.

"Nakujua kwa gari, Mheshimiwa. Gari halina shavu. Kwa miguu ndiyo mara ya kwanza." Akaiweka kadi, akafuta poda kidogo kwa kidole ili apime kwa haki, akaipandisha, akaishusha, akaishusha tena. "Bondeni, Mheshimiwa. Shika kushoto. Ukifika kwenye magimbi kunja suruali."

Nyuma, wazee wakanyoosha shingo waione kadi. Asumini alikuwa ameegemea nguzo, anapumua kwa mdomo. Mtangazaji wa redio akajipenyeza katikati na kipaza sauti chake.

"Fungua," akasema Mheshimiwa.

"Nifungue nini, Mheshimiwa?"

"Geti!"

"Geti gani?" Chande aliuliza kwa adabu kabisa, hata akapunguza sauti ya redio yake apate kusikia vizuri. "Sasa hivi nimekusikia hewani."

"Hili, mpumbavu wewe! Hili hapa la chuma! Geti nililolitia sahihi kwa mkono wangu mwenyewe! Mwenzangu hawezi kusimama, hulioni?"

"Naliona, Mheshimiwa," akasema Chande, akapiga saluti. "Nilikuwa nangoja mkubwa mmoja aliseme." Akavuta komeo, geti likafunguka kwa mlio mrefu. Asumini akapita tumbo mbele, kiatu cha Waziri mguuni, akaelekea hospitali bila kugeuka, na wazee wakamfuata ko-pwa, ko-pwa, huku Bi Mashavu akiishukuru kila nguzo.

Bi Sikudhani alibaki nyuma kidogo. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga, akampa Mheshimiwa.

"Vaa, mwanangu. Wanasema ukivaa, halionekani."

Mheshimiwa akaivaa. Dunia ikawa uji. Akageuka kuelekea pale alipodhani kipo kipaza sauti.

"Ndugu wananchi," akasema kwa sauti nzito ya serikali, "napenda kurudia kwamba geti halipo." Na akalikumbatia kwa mikono yote miwili, maana mteremko ule kwa kiatu kimoja hausimamiki.